Chyulu: Darasa la ukungu tunalolipita kila muhula

Wahenga walinena kwamba mtembea bure si sawa na mkaa bure. Msemo huu walimu wetu wanaupenda, na aghalabu huutumia kuwashawishi wazazi kutoa karo ya safari za masomo. Hata hivyo, mtu akichunguza jinsi safari hizo zinavyofanywa katika shule nyingi za Kitui na Makueni, hatakosa kujiuliza kama mtembezi wetu huokota chochote njiani, au anatembea bure kama yule aliyebaki nyumbani amekaa bure.

Kila muhula mabasi ya shule hushika barabara kuu ya kuelekea Mombasa. Ndani mna vijana wenye furaha, nyimbo na vifurushi vya chapati. Wakifika Makindu, baadhi yao husimama kidogo penye hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926, mahali ambapo msafiri yeyote, awe wa dini gani, hukaribishwa chakula bila malipo. Kisha safari huendelea: Kibwezi, Mtito Andei, Voi, hadi pwani. Huko wanafunzi huiona Ngome ya Yesu, hukanyaga maji ya bahari, hupigwa picha, wakarejea.

Njiani, upande wao wa kulia, kuanzia karibu na Kiboko hadi wanapokaribia Mtito Andei, wamesindikizwa na safu ndefu ya vilima vyenye vichwa vya mviringo, ambavyo asubuhi nyingi huwa vimejitanda wingu jeupe. Vilima hivyo ni Chyulu, au Kyulu kwa matamshi ya Wakamba wenyewe. Ni nadra dereva kuambiwa apunguze mwendo, na ni nadra zaidi mwalimu kusimama na kuwaambia wanafunzi wake kwamba juu ya vilima vile umo msitu usiofanana na kichaka chochote walichokizoea, na kwamba sehemu ya maji watakayoyanywa Mombasa jioni ile yalianza safari yake pale, mbele ya macho yao.

Makala haya yanakusudia kutetea jambo moja dogo: kwamba kila mwanafunzi wa Kitui na Makueni apate, angaa mara moja kabla ya kumaliza masomo yake, siku moja ya kupanda Chyulu akiongozwa na mtu anayeujua msitu huo. Jambo ni dogo, lakini yanayotegemea jambo hilo si madogo hata kidogo.

Msitu unaokamua mawingu

Kwanza tuelewane kuhusu msitu wenyewe. Chyulu ni milima ya volkano, na kwa kipimo cha umri wa dunia ni michanga mno. Milipuko ya mwisho ilitokea katika karne ya 19, juzi tu. Upande wa kusini, ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi, ungalipo uwanja wa mawe meusi ya lava ambao wenyeji waliuita Shetani, kwa kuwa waliouona moto ukitoka ardhini hawakuwa na jina jingine la kuupa. Chini ya vilima hivi mna mapango yaliyoachwa na lava iliyotiririka na kupoa kwa nje huku ndani ikiendelea kukimbia. Mojawapo, liitwalo Leviathan, lina urefu wa zaidi ya kilomita 10, na linahesabiwa miongoni mwa mapango marefu zaidi ya aina yake ulimwenguni.

Kilele cha juu kabisa kinafikia mita 2,188 juu ya usawa wa bahari. Huo si urefu wa kutisha ukilinganishwa na Kilimanjaro, jirani anayevitazama vilima hivi kutoka ng'ambo ya tambarare za Wamaasai. Lakini unatosha kufanya kazi moja ya ajabu. Upepo kutoka Bahari ya Hindi hupita juu ya nyika kavu ukiwa na unyevu wake ndani, bila kuutoa. Ufikapo Chyulu hulazimika kupanda. Upandapo hupoa, na upoapo, ule unyevu uliokuwa haukuonekana hugeuka ukungu. Usiku na alfajiri ukungu huo hupita katikati ya matawi, na kila jani, kila uzi wa kuvumwani uning'iniao, hukusanya matone na kuyadondosha chini. Kwa maneno mengine, miti hii hukamua mawingu. Hata siku ambayo hakuna mvua iliyonyesha, mtu aliyesimama chini yake anaweza kulowa.

Msitu wa namna hii wataalamu huuita msitu wa ukungu. Ipo misitu ya jinsi hiyo katika milima ya Taita, katika Usambara na Uluguru nchini Tanzania, na mbali zaidi katika milima ya Amerika ya Kusini. Huu wa Chyulu hukaa mabaka mabaka, kuanzia kiasi cha mita 1,800 kwenda juu, ukizungukwa na nyasi. Mna miti ya Prunus africana, ambayo magome yake hutengenezewa dawa ya maradhi ya wanaume wazee, na ambayo biashara yake ya kimataifa imewekewa masharti tangu mwaka 1995. Mna makangaga na okidi zilizoota juu ya matawi. Chini kidogo, penye nyasi, husimama mivuti yenye maua mekundu kama makaa. Nyati, pofu na ndovu hupita humo, chui naye yumo, na katika vichaka vya mawe ya lava wamesalia vifaru weusi wachache.

Ajabu kubwa zaidi ni kwamba juu ya vilima hivi vilivyolowa maji hakuna mto hata mmoja wa kudumu. Mwanafunzi aliyefunzwa kwamba mito huanzia milimani atatafuta kijito asikione. Sababu ni kwamba udongo wa pale ni majivu na changarawe ya volkano, ambayo hunywa maji kama mchanga mkavu unavyonywa. Maji huzama, husafiri gizani chini ya lava, huchujwa, kisha huchomoza mbali, chini kabisa ya vilima. Huchomoza Umani katika msitu wa Kibwezi. Huchomoza upande wa Makindu na Kiboko. Na zaidi ya kote huchomoza Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi, chemchemi zenye maji maangavu kiasi cha mtu kuwaona viboko wakitembea chini. Kutoka Mzima, tangu miaka ya 1950, bomba huyapeleka maji hadi Mombasa.

Siku yenyewe

Mtu anaweza kusema kwamba haya yote yamo vitabuni, basi safari ya nini? Jibu ni kwamba yapo mambo ambayo kitabu hukiri kimeyasema, ila mwili wa mwanafunzi haujayasikia. Natuitazame siku hiyo jinsi inavyoweza kwenda.

Shule za Wote, Mbooni au Kilungu hazina safari ndefu. Zamani ni shule za Kitui zilizokuwa na udhuru, kwa kuwa kufika Kibwezi kulimaanisha ama kuzunguka kupitia Machakos, ama kupambana na vumbi la Mutomo na Ikutha. Siku hizi barabara ya lami inatoka Kitui hadi Kibwezi, ikiuvuka mto Athi. Basi likiondoka alfajiri, watoto wa Kitui mjini wanaweza kuwa chini ya Chyulu jua likiwa bado changa, na wakarejea makwao siku iyo hiyo.

Chyulu ni mbuga ya taifa tangu mwaka 1983, nayo iko chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Hakuna anayejiingilia tu kama aingiaye sokoni. Mwalimu mkuu huandika barua mapema, hupatana na wasimamizi kuhusu idadi ya wanafunzi, ada na njia, na hupewa askari wa kuandamana nao, kwa sababu nyati hana habari kwamba huyu ni mtoto wa shule. Barabara za ndani ni za udongo na mwinuko ni mkali. Basi la kawaida haliwezi kutegemewa kupanda, hasa wakati wa mvua. Sehemu kubwa itatembewa kwa miguu. Na hapo ndipo somo linapoanza.

Mtoto aanze kupanda akiwa na kipimajoto mkononi. Kibwezi, kwenye mwinuko wa takriban mita 900, jasho litakuwa linamtoka. Aandike kiwango cha joto. Apande, asimame, aandike tena. Kwa kawaida joto la hewa hupungua takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 za kupanda, na kanuni hii, ambayo darasani ilikuwa sentensi ya kukariri, sasa itamfanya aombe sweta. Apitapo kwenye nyasi, kiongozi amwonyeshe vilima vidogo vyenye mashimo kileleni na kumweleza kwamba kila kimoja kilikuwa mdomo wa moto. Achukue kiganja cha changarawe nyeusi, amiminie maji ya chupa, aone jinsi yanavyotoweka. Hakuna mchoro wa ubaoni utakaomweleza habari ya miamba inayopitisha maji vizuri kuliko kiganja hicho.

Wafikapo ukingoni mwa msitu, mabadiliko huja ghafla. Jua linabaki nje. Sauti ya upepo hupungua, na inasikika sauti nyingine, ya matone. Vigogo vya miti vimevalia kuvumwani kama mazulia. Ardhi ni laini. Vijana waliokuwa wakipiga kelele hunyamaza wenyewe bila kuamriwa. Hapo mwalimu wa sayansi na afanye jaribio jepesi: mikebe miwili yenye midomo iliyo sawa, mmoja uwekwe mahali palipo wazi, wa pili chini ya mti wenye ndevu za kuvumwani, vyote viachwe wakati ukungu unapita. Baada ya muda vipimwe. Mwanafunzi atakayeona kwa macho yake tofauti ya mikebe hiyo hatahitaji tena kuhubiriwa juu ya faida ya miti.

Adhuhuri, mara nyingi, ukungu hufunguka. Wakiwa na bahati, Kilimanjaro itajitokeza upande wa kusini-magharibi na theluji yake kidogo iliyobaki. Upande wa mashariki wataiona Makueni yote imelala chini, na ng'ambo ya Athi vilima vya Kitui vya rangi ya samawati. Watakula chakula chao pale, wakusanye takataka zao zote, kisha washuke. Na siku isimalizike bila kupita penye chemchemi huko chini, kama Umani, ili waone maji yale waliyoyaacha juu yakidondoka tone kwa tone sasa yakitoka ardhini kwa wingi. Safari ya maji imeanza na kuisha mbele ya macho yao kwa siku moja.

Waliokataa kuamini

Historia nayo ina neno la kusema hapa, na ni neno linalowahusu wakazi wa Kitui moja kwa moja. Mnamo tarehe 11 Mei, 1848, mmishenari Johannes Rebmann aliiona Kilimanjaro ikiwa na weupe kileleni, na wenyeji wakamweleza kwamba weupe ule ni baridi. Mwaka uliofuata mwenzake, Johann Ludwig Krapf, alifika Kitui kwa Kivoi, yule mfanyabiashara mashuhuri wa Wakamba aliyepeleka misafara ya pembe hadi pwani. Ilikuwa kutoka Kitui, tarehe 3 Desemba, 1849, wingu lilipofunguka, ambapo Krapf aliuona Mlima Kenya.

Habari hizi zilipofika Uingereza, mwanajiografia William Desborough Cooley alizikataa katakata. Yeye hakuwahi kukanyaga bara la Afrika Mashariki. Alikuwa na vitabu, ramani na kiti cha kukalia, na vitabu vyake vilimwambia kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Miaka kadhaa ikapita kabla ya wengine kupanda na kuthibitisha kile ambacho Mkamba na Mchaga walikuwa wakikijua tangu enzi.

Ninalitaja hili kwa sababu tunaweza kumcheka Cooley huku tukilea akina Cooley wengine madarasani mwetu. Mwanafunzi wa Kibwezi anayeweza kutaja kwa Kiingereza aina zote za milima ya volkano, lakini hajui kwamba kilima anachokiona kila asubuhi akienda msalani ni mojawapo, ana tofauti gani na bwana yule wa London?

Tena kwa Mkamba, Chyulu si mahali pageni. Masimulizi ya wazee yanaeleza kwamba mababu walitoka upande wa Kilimanjaro, wakapitia Chyulu, wakafika Nzaui, kisha wakatulia Mbooni, na kutoka Mbooni ndipo wengine walipouvuka mto Athi na kuijaza Kitui. Kwa hivyo mtoto wa Kitui apandapo Chyulu anarudi kwenye kituo cha safari ya wazee wake. Wazee hao walikuwa na mathembo, yaani mahali patakatifu penye miti mikubwa, ambapo dua za mvua zilifanywa na shoka halikuruhusiwa kuingia. Walijua, kwa lugha yao wenyewe, kwamba kuna uhusiano baina ya kichaka kile na mvua.

Deni la maji

Sasa tufike penye uchungu. Mtu asimame juu ya Chyulu na kutazama mashariki, ataona nchi ambayo mama huamka usiku kwenda kupanga foleni ya mitungi. Kati ya mwisho wa mwaka 2020 na mwisho wa mwaka 2022, misimu mitano ya mvua ilikosa kufaulu mfululizo katika sehemu kubwa za nyanda kame za nchi yetu, na Kitui na Makueni hazikusalimika. Ng'ombe walikufa, mahindi yalikauka yakiwa magotini, watoto waliacha shule. Wakati huo huo, chini ya nchi ile ile, maji ya Chyulu yalikuwa yakienda zake kimya kimya, mengine yakipita bombani kuelekea Mombasa. Viongozi wa Taita Taveta wamelalamika kwa miaka kwamba kaunti yao haipati fidia inayostahili kwa maji ya Mzima. Lakini Makueni, ambako sehemu ya wingu hilo hukamuliwa, sauti yake husikika kidogo.

Simsemi mtu wa Mombasa. Naye ana kiu, na bomba hilo halimtoshi. Ninachosema ni kwamba hatuwezi kudai haki ya kitu tusichokijua. Kijana asiyefahamu kwamba maji yanatoka kwenye msitu wa kwao hawezi kuuliza kwa nini anayanunua kwa mtungi. Na zaidi ya hapo, hawezi kuelewa kwa nini azuiwe kuukata.

Maana msitu unakatwa, na unachomwa. Mioto huzuka Chyulu karibu kila kiangazi, mingine ikiwashwa na wafugaji wanaotaka nyasi changa, mingine na wawindaji, mingine na warina asali, na kila moto hutafuna ukingo wa msitu. Miraa ya mwitu huvunwa humo. Msandali huibwa, ingawa uvunaji wake ulipigwa marufuku mwaka 2007. Huko Kitui, serikali ya kaunti ilipiga marufuku biashara ya makaa mwezi Januari, 2018, na sote tunakumbuka zogo lililofuata, hata lori likateketezwa. Makaa hayakuisha. Marufuku bila elimu ni sawa na kufunika chungu kinachochemka bila kuondoa kuni.

Wala tusijifanye kwamba wahifadhi hawajawahi kuumiza mtu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 familia zilizokuwa zimelima Chyulu ziliondolewa, na miongoni mwa wazazi wa wanafunzi wetu wamo wanaokumbuka vibanda vyao vilivyobomolewa. Kwa watu hao, neno mbuga lilimaanisha seng'enge na askari. Siku hizi upo mradi wa kuuza haki za hewa ya kaboni ya Chyulu, ambao hesabu zake zinaanzia mwaka 2013, ukiyashirikisha mashirika ya serikali, ranchi za jamii za Wamaasai upande wa Kajiado na mashirika ya hifadhi. Ni jambo jema msitu kulipa ukiwa umesimama. Lakini mwanafunzi wa upande wa Makueni anastahili kuuliza nani hulipwa, nani hubaki akitazama, na kwa nini. Safari njema ni ile inayomrudisha mtoto nyumbani akiwa na maswali ya namna hiyo, wala si kumkaririsha tu kwamba tembo ni urithi wetu.

Vikwazo na majibu yake

Najua yatakayosemwa na walimu wakuu. La kwanza ni fedha. Ni kweli kwamba wazazi wengi wamelemewa, na safari yoyote inayowaacha nyuma watoto maskini ni fedheha kwa shule. Lakini safari ya Mombasa ina malazi, na ya Chyulu haina. Gharama yake ni usafiri wa siku moja, ada ya mbuga na chakula cha kubeba. Hazina za ustawi wa maeneo bunge na serikali za kaunti, ambazo hununua mabasi na kuyaandika majina ya wanasiasa ubavuni, zinaweza kulipia siku moja ya darasa zima bila kubagua mtoto.

La pili ni hatari. Mzazi ana haki ya kuogopa. Ndiyo maana tunasisitiza kiongozi, idadi ndogo ya wanafunzi kwa kila kundi, viatu imara, sanduku la dawa, na kurejea kabla ya giza. Hatari kubwa zaidi katika safari za shule zetu daima imekuwa barabarani usiku, na safari ya siku moja huiepuka hiyo.

La tatu ni mitihani. Huu ndio udhuru wa zamani kuliko yote. Lakini mtihani wa mwisho wa darasa la nane ulifanywa mwaka 2023, na mtaala wa umilisi tulio nao sasa unadai, kwa maandishi, kwamba mwanafunzi ajifunze kwa kutenda na kwa kuyachunguza mazingira yake. Siku moja ya Chyulu ina jiografia, sayansi, historia, hesabu, uraia na insha. Mwalimu wa Kiswahili asiridhike na ile insha ya kale ya ziara yenye jogoo kuwika na ndege kulia. Amwambie mwanafunzi aeleze sauti ya matone msituni bila kutumia tashbihi hata moja ya kukopa. Ataona lugha itakavyokua.

Na kwa shule ambayo kweli haiwezi kufika Chyulu, jirani yake hakosi kilima. Makueni ina Mbooni, Kilungu na Nzaui. Kitui ina Mutitu, Endau, Nuu na Mumoni. Havina ukungu wa kiasi kile, lakini juu ya vyote hewa ni baridi kuliko bondeni, na juu ya vyote yapo masalio ya msitu na mzee anayekumbuka majina ya miti. Mzee huyo aalikwe, apewe kiti, na alipwe kama anavyolipwa mtaalamu. Kadhalika vijana wa Kibwezi na Makindu wafunzwe na kupewa vyeti vya kuongoza wageni Chyulu, maana kijana anayekula kutokana na msitu uliosimama hatakuwa wa kwanza kuuwasha moto.

Wapo wanaoamini kwamba nchi ya Wakamba imekwisha kulaaniwa na ukame na hakuna la kufanya. Watu hao wasome kitabu cha Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki kilichotoka mwaka 1994, kuhusu wilaya ya zamani ya Machakos, ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake hadi mwaka 1992. Wataalamu wa miaka ya 1930 walikuwa wameitabiria nchi hiyo kugeuka jangwa la mawe. Badala yake watu wakaongezeka, na mmomonyoko ukapungua, kwa sababu wanawake na wanaume walichimba matuta kwa majembe, kilima baada ya kilima, na kujenga mabwawa ya mchanga mitoni. Kizazi kilichookoa udongo kilifanya hivyo kwa kuwa kiliuona ukienda na maji. Kizazi cha sasa hakiwezi kuokoa wingu ambalo hakijalikaribia.

Shime, basi, walimu wa Kitui na Makueni. Kalenda ya muhula ujao bado haijajaa. Andikeni barua hiyo leo, tafuteni vipimajoto na mikebe miwili, na mwapange watoto kwa makundi madogo. Nanyi wanafunzi, basi lenu likipita Kibwezi likielekea pwani, msione haya kumwomba dereva apunguze mwendo. Tazameni kulia. Kisha mwulizeni mwalimu ni lini mtapanda.